DENI LA MSHINDI

Swali tulilolijadili katika darasa yetu hapa Ras Kitau kwa majuma kadhaa ni hili: mtu akishinda kwa njia ya haki, je, adaiwa cho chote na yule aliyemshinda? Wengi wetu hujibu upesi kuwa hadaiwi kitu. Husema, mashua zikishindana mbele ya mji wa Amu, nahodha aliyetangulia kufika hampi mwenziwe nusu ya zawadi, wala hapana amwambiaye kuwa ni mchoyo. Kwa nini basi aliyeshinda uchaguzi atakiwe kumkaribisha mshindwa wake katika dola?

Jawabu hili lina sura ya ukweli, na kwa sababu hiyo yatupasa tulipime kabla ya kulipokea au kulitupa. Mizani yake hatukuitafuta mbali. Jirani zetu wa Unguja na Pemba waliulizwa jambo hili hili katika mwaka wa 2010. Hawakuulizwa na mwalimu darasani, waliulizwa na serikali yao. Wakajibu kwa kura, na baada ya miezi mitatu wakafanya uchaguzi mkuu uliowalazimisha kulitekeleza jawabu lao wenyewe.

Khabari yenyewe ni hivi. Tarehe 5 Novemba 2009, Bwana Amani Abeid Karume wa CCM, aliyekuwa Rais wa Zanzibar wakati ule, alikutana na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF, na huo ndio uliokuwa mwanzo wa maridhiano. Tarehe 31 Julai 2010 raia waliitwa katika kura ya maoni, wakaulizwa kama wanakubali kuwa baada ya uchaguzi iundwe Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Waliokubali walikuwa asilimia 66.4, na waliokataa asilimia 33.6. Katiba ikabadilishwa: chama kitakachoshika nafasi ya pili kitoe Makamu wa Kwanza wa Rais, na mawaziri wagawanywe kwa kadiri ya viti ambavyo kila chama kimepata katika Baraza la Wawakilishi. Tarehe 31 Oktoba ukaja uchaguzi wenyewe. Dakta Ali Mohamed Shein alipata kura 179,809 na Maalim Seif alipata 176,338. Tofauti yao ilikuwa kura 3,471, idadi iliyo ndogo kuliko wakazi wa mji wa Amu peke yake. Maalim Seif aliyakubali matokeo, akawa Makamu wa Kwanza, na visiwa vikalala salama.

Asiyejua yaliyotangulia hawezi kuuona uzito wa maneno hayo mawili, "vikalala salama". Katika uchaguzi wa Januari 1961 Unguja na Pemba zilikuwa na viti 22. Afro-Shirazi ilipata 10, Hizbu ikapata 9, na chama cha watu wa Unguja na Pemba kikapata 3. Nacho hicho kikagawanyika, wawili upande huu na mmoja upande ule, wakawa kumi na mmoja kwa kumi na mmoja. Kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa kura moja tu. Ikabidi uchaguzi urudiwe Juni, na siku zile watu 68 waliuawa katika fujo. Mwezi wa Julai 1963 Afro-Shirazi ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, lakini ikapata viti 13 tu katika 31, na serikali ikashikwa na wapinzani wake walioungana. Uhuru ulikuja tarehe 10 Disemba 1963. Mapinduzi yakaja tarehe 12 Januari 1964. Kati ya tarehe mbili hizo hazikufika siku arubaini.

Vyama vingi viliporudi, mambo yale yale yalirudi pamoja navyo. Katika mwaka wa 1995 Dakta Salmin Amour alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 juu ya asilimia 49.8. Baada ya uchaguzi wa 2000 palifanywa maandamano Januari 2001, na watu wasiopungua thalathini waliuawa kwa risasi, wengi wao Pemba. Watu zaidi ya elfu mbili walivuka bahari kwa mashua wakaja Shimoni, upande wetu huu wa Kenya. Wako miongoni mwa watu wa pwani yetu waliowapokea wageni wale kwa mikono yao, wakawapa maji na nguo, na hao hawahitaji kuelezwa na sisi kura hugeuka kuwa nini.

Na turudi sasa kwenye mashua. Mfano ule hauingii, na kosa lake liko mahali pamoja. Mashindano ya mashua yakiisha, aliyeshindwa hukunja tanga lake akaenda kwao. Aliyeshindwa uchaguzi yuko kwao tayari. Hana pengine pa kwenda. Shamba lake li katika mikono ya serikali ile ile, na mtoto wake atasoma katika skuli yake. Kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, ambacho bila yake hawezi hata kuandikishwa kupiga kura ya Zanzibar, atakiomba kwa sheha aliyewekwa na serikali hiyo. Zawadi ya mashua ni mali ya mwenye kuishindania. Dola haikuwa mali ya mshindi kabla ya uchaguzi na haikuwa mali yake baada ya uchaguzi. Alichopewa ni kuiangalia kwa niaba ya wenyewe, na katika wenyewe hao wamo waliomkataa. Mtu aliyepewa wasimamizi wa mirathi hawi mrithi peke yake kwa kuwa yeye ndiye mwenye funguo.

Basi jambo la kwanza tunaloliona ni kuwa mshindi ana deni. Hatusemi kuwa ana hisani ya kutoa, kwani hisani mtu huitoa akipenda na akiudhika huizuia. Deni halina kuudhika.

La pili ni wakati. Ajabu ya kura ya 31 Julai ni kuwa ilipigwa kabla ya mtu ye yote kumjua mshindi wa 31 Oktoba. Kila aliyesema "nakubali" alikuwa hajui kama anaagiza kugawa au kugawiwa. Wavuvi wawili wakigawana samaki, mmoja huweka mafungu na mwengine hutangulia kuchagua. Anayeweka mafungu huyaweka sawa, si kwa ucha Mungu wake tu, bali kwa kuwa hajui lipi litakuwa lake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Lau kura ile ingalipigwa Novemba, baada ya matokeo, waliopata kura 179,809 wangaliona kugawa ni hasara, na wale wengine wangaliona ni haki, na kila mmoja angaliapa kuwa anasema kwa dhamiri yake. Dhamiri ya mtu aliyekwisha kujua fungu lake ni shahidi dhaifu.

Hapa twaweza kulinganisha na mambo yetu wenyewe. Sisi Kenya nasi tuligawana serikali katika mwaka wa 2008. Lakini yetu ilikuja baada ya watu zaidi ya elfu moja na mia kufa, na ikatiwa sahihi tarehe 28 Februari na Bwana Mwai Kibaki na Bwana Raila Odinga, Bwana Kofi Annan akiwa msuluhishi. Raia hawakuulizwa. Twashukuru kuwa damu ilikoma, na asiyeshukuru hilo ana moyo mgumu. Walakini mapatano ya wakubwa wawili baada ya maafa ni kitu kimoja, na ahadi ya watu wote kabla ya uchaguzi ni kitu kingine. Ya kwanza huzima moto. Ya pili huamua mapema nyumba itajengwa vipi.

Kuulizwa si jambo dogo, na sisi wa mwambao twaujua uzito wake kwa kuukosa. Ukanda wetu huu pamoja na visiwa vya Lamu ulikuwa chini ya bendera ya Sultani wa Zanzibar hata mapatano ya tarehe 8 Oktoba 1963 yaliyotufanya kuwa sehemu ya Kenya. Sir James Robertson alikuja mwaka wa 1961, akawasikiliza wazee na vyama, akaandika ripoti yake. Kura haikupigwa. Huenda jawabu lingalikuwa lile lile. Lakini tangu siku zile kila malalamiko ya pwani yana mlango wa kupitia, nao ni neno hili: hatukuulizwa. Waliulizwa Wazanzibari tarehe 31 Julai 2010, na siku nne baadaye, tarehe 4 Agosti, tukaulizwa sisi juu ya Katiba mpya ya Kenya, ambayo Mahakama za Kadhi zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyogombaniwa ndani yake. Zikathibitika. Tangu hapo anayezipinga hawezi kusema kuwa hakuulizwa.

Sasa tuwasikilize wale asilimia 33.6, kwani imekuwa dasturi kuwapita kama kwamba walikuwa watu wa fitina tu. Hapana shaka walikuwamo waliokataa kwa chuki, wasiotaka kukaa meza moja na watu wa chama fulani au wa kisiwa fulani. Hao hatuna la kuwajibu hapa. Lakini walikuwamo na wengine waliouliza: vyama vyote vikiingia serikalini, nani atakayeihesabu serikali? Mlinzi na mwizi wakila sahani moja, nani atakayepiga ukelele? Pingamizi hili lina nguvu, na sisi hatukubali kulipuuza. Baraza la Wawakilishi la mwaka 2010 lilikuwa na vyama viwili tu vyenye viti vya majimbo, CCM 28 na CUF 22, na vyote viwili vilikuwa serikalini. Upinzani rasmi haukuwapo. Kazi ya kuuliza maswali ikawaangukia wajumbe wa nyuma, wakaifanya kwa kadiri ya ushujaa wa kila mmoja, na ushujaa wa mtu mmoja mmoja si nguzo ya kutegemewa katika jengo la nchi. Kwa hivyo twasema wazi kuwa serikali ya namna hii ina bei, na bei yake hulipwa katika hisabu. Twaona bei hiyo ni nafuu kuliko ya Januari 2001. Lakini anayesema haina bei anawadanganya watu.

Wengine katika darasa yetu waliuliza swali jengine lililo zito zaidi: ahadi ya wengi yamfungaje mtu aliyekataa kuahidi? Katika mambo ya mtu na mtu, aliyekataa hafungwi. Nikikataa kuwa mdhamini wako, hapana Kadhi atakayenilipisha deni lako. Tulilizungusha neno hili muda mrefu. Tuliloliona ni kuwa aliyekwenda kituoni akaweka karatasi yake ya "sikubali" alikwisha kukubali jambo moja kabla ya hilo, nalo ni kupima. Mtu apelekaye nazi zake kwenye mizani amekubali mizani, hata kama hakuupenda uzito uliotoka. Lakini hoja hii ina sharti, na sharti lake ni zito: mizani iwe ya haki, na ipimwe mbele ya macho. Mizani ikifichwa, ahadi nayo huanguka, na haianguki kwa wachache peke yao.

Wasomaji wetu wa Shela na Amu hawana haja ya kwenda Unguja kutafuta khabari za ushindi. Mtu akisimama hapa Ras Kitau akatazama ng'ambo ya mkondo, auona mchanga wa Shela ambako, yapata mwaka wa 1812, watu wa Lamu waliwashinda watu wa Pate na Mazrui wa Mombasa. Ulikuwa ushindi mkubwa kupita yote yaliyopata kusimuliwa katika visiwa hivi. Masimulizi ya mji yasema kuwa Lamu ya zamani ilikuwa na pande mbili, Zena na Suudi, na wazee wa pande hizo walikuwa wakipokezana uongozi katika Yumbe. Kwa maana hiyo wazee wetu waliijua kazi ya kugawana dola kabla ya Katiba yo yote ya karatasi. Lakini baada ya vita vile hapakuwa na kugawana wala kusikizana na walioshindwa. Palikuwa na khofu ya kuwa watarudi. Basi Lamu ikapeleka wajumbe Maskati kwa Seyyid Said kuomba ulinzi, akaleta liwali na askari, na ile ngome iliyoko sokoni ikamalizika yapata mwaka wa 1821. Mji ulioshinda vita ukawa chini ya mlinzi wake. Twasema haya bila ya kuwalaumu wazee wetu, kwani Pate na Mombasa hazikuwa jirani wapole. Tunachotaka kionekane ni kuwa mshindi asiye na amani na mshindwa wake lazima anunue walinzi, na walinzi hao hawakai bure.

Na lisidhaniwe kuwa mambo haya ni ya marais peke yao. Nani hapa hakuona kamati ya kisima au ya madrasa ambayo, baada ya kuchaguliwa, kazi yake ya kwanza ilikuwa kubadilisha kufuli? Hisabu za zamani zikatupwa, fundi wa zamani akafukuzwa kwa kuwa ni jamaa wa fulani, na waliokuwa kamati jana wakaanza kusali mahali pengine. Kosa ni lile lile, isipokuwa hapa hapana askari.

Twafika sasa mahali pagumu. Tarehe 25 Oktoba 2015 Wazanzibari walipiga kura tena. Kesho yake Maalim Seif alijitangaza kuwa ameshinda, naye si tume ya uchaguzi. Tarehe 28 Oktoba mwenyekiti wa Tume, Bwana Jecha Salim Jecha, alitangaza kuufuta uchaguzi wote. Uchaguzi ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016. CUF ikaususia, na Dakta Shein akatangazwa kuwa amepata asilimia 91.4. Katiba ilikuwa imeweka sharti la mgombea wa nafasi ya pili kupata si chini ya asilimia 10 ili chama chake kipate umakamu, na hapana aliyefika hapo. Kiti cha Makamu wa Kwanza kikabaki kitupu kwa zaidi ya miaka minne.

Watetezi wa hali ile walisema: tuliandaa meza, wenzetu wakakataa kuja, kwa hivyo hatudaiwi. Hoja hii si ya kipuuzi. Aliyesusia ana sehemu yake ya kujibu, kwani alijua sheria inasema nini na akajua atakikosa kiti. Lakini sisi twaipima hoja hii kwa sheria ya madeni tunayoifundisha watoto wetu. Mdaiwa akimpelekea mdai mali yake, na mdai akakataa kuipokea, deni halifutiki. Mdaiwa hulipeleka kwa Kadhi likawekwa amana mpaka mwenyewe atakapolitaka. Wala hatujataja bado kuwa mdai huyu alikataa kwa sababu alidai mizani imevunjwa mbele yake. Hilo lilitaka kusikilizwa na hakimu asiye na upande, kabla ya kuitwa kususa. Wale asilimia 66.4 hawakuahidi kugawana na chama fulani kikiwa na adabu; waliahidi kuwa visiwa havitaongozwa tena na upande mmoja peke yake. Ahadi ile ilikuwa yao wenyewe, na wao hawakuulizwa tena kama imekwisha. Kwa maoni yetu, kati ya 2016 na 2020 deni lilikuwapo na halikulipwa, na kusema kuwa sheria haikuvunjwa hakulipi kitu.

Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2020, Dakta Hussein Mwinyi alitangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 76, na Maalim Seif, aliyekuwa sasa katika ACT-Wazalendo, akapewa kidogo chini ya asilimia 20. Chama chake kiliyapinga matokeo hayo kwa maneno makali. Hata hivyo mwezi wa Disemba mzee yule aliingia tena katika umakamu, na wengi wa wafuasi wake hawakupendezwa. Walimuuliza atakaaje na watu aliowatuhumu jana. Sisi hatukuona unyonge katika kitendo kile, kwani mdai anayepokea sehemu ya haki yake hajasamehe iliyobaki.

Hakukaa humo hata miezi mitatu. Alifariki tarehe 17 Februari 2021, Mungu amrehemu, na wapo waliodhani kuwa kiti kitazikwa pamoja naye, kwa kuwa walikiona tangu mwanzo kama zawadi ya mtu mmoja. Lakini deni halifi kwa kufa mdai, huhamia kwa warithi wake. Na warithi wa deni hili walikuwa wale waliompigia kura. Mwezi wa Machi 2021 aliapishwa Bwana Othman Masoud Othman, wa chama hicho hicho, akakaa mahali pake.